Mashine Isiyo na Mfagiaji

Wivu na husuda ni ndugu wa tumbo moja, na Mwalimu Nashoni Nyangwine alikuwa amewapa wote wawili chumba kifuani mwake. Mkewe akicheka na mwanamume mwingine, wivu uliamka. Mwanamume mwingine akionyesha akili, husuda iliamka. Kwa miaka mingi walilala usingizi mzuri, kwa sababu katika ile sekondari ya pembeni mwa mji wa Tarime, upande wa Turwa, walimu waliojua kuchekesha hawakuwa na akili ya kutisha, na wenye akili hawakumchekesha mtu. Ndipo akaja Stanslaus.

Stanslaus alikuwa Mwikoma kutoka vijiji vya karibu na Mugumu, mwalimu mpya wa fizikia, ametoka kusoma Hungaria kwa gharama ya serikali. Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu. Wenzake waliokuwa wakirudi kutoka nchi zile walirudi na redio kaseti na makoti marefu yasiyo na kazi. Yeye alirudi na sanduku la vitabu, na kimojawapo kilieleza lugha ya kompyuta inayoitwa Lisp. Tarime nzima haikuwa na kompyuta hata moja, na umeme wenyewe ulikuja ukijisikia.

"Haidhuru," Stanslaus alisema siku ya kwanza katika chumba cha walimu. "Kompyuta ni mpangilio tu, ndugu zangu. Mpangilio hauli umeme. Tutaitengeneza ya mbao."

Nashoni alikuwa mwalimu wa hisabati, na kabla ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa kila kitu pale shuleni. Alicheka pamoja na wengine. Jioni ile ile alikwenda stoo ya fizikia kuona mbao hizo, na hakutoka mpaka mlinzi alipokuja kufunga. Alinaswa. Tumtendee haki mtu wetu: aliipenda mashine ile kwa dhati, na kumwonea mtu kijicho kwa kitu unachokipenda ni uchungu kuliko ule wa kawaida.

Katika Lisp kila kitu ni orodha, na kila orodha imejengwa kwa vipande vinavyofanana. Vipande vyao vilitoka kwenye masalio ya karakana ya useremala. Kila kimoja kilipigiliwa misumari miwili. Uzi wa katani uliofungwa msumari wa kushoto ulikwenda kwenye kadi yenye jina au namba. Uzi wa msumari wa kulia ulikwenda kwenye kipande kinachofuata. Ukitaka kujua orodha inasema nini, unafuata uzi. Vipande vilivyokuwa kazini vilining'inia kwenye ukuta wa mbao, na visivyo na kazi vilikaa kapuni. Maagizo yaliandikwa ubaoni, na mtu aliyeyafuata bila kuongeza mawazo yake ndiye aliyekuwa injini.

"Mtu asiyeongeza mawazo," Nashoni alisema, "si tumwite mkuu wa shule?"

Stanslaus alicheka mpaka akashika meza. Siku zile walikuwa bado marafiki.

Tatizo likawa kapu. Hesabu ilipokwisha, vipande vyake vilibaki vikining'inia, havimfai mtu, na katika ule msitu wa nyuzi usingejua kipi ni taka na kipi bado kina kazi. Kitabu kilieleza kwamba mashine za huko Ulaya zina mfagiaji. Kapu likikauka, kazi yote inasimama; mfagiaji anafuata nyuzi tangu mwanzo, anatia chaki kila kipande anachokifikia, kisha visivyo na chaki anavirudisha kapuni. Walijaribu kufagia hivyo mbele ya kidato cha tatu. Kipindi kilikwisha mfagiaji hajafika katikati ya ukuta, na nusu ya darasa imelala.

"Tuitengeneze bila mfagiaji," Stanslaus akasema.

Kila mmoja akaenda kufikiri kivyake, na kila mmoja akarudi na jibu lake. Hapo ndipo urafiki ulipoingia mchanga.

Jibu la Nashoni lilikuwa hili: kila kipande kiwe na mwenyewe mmoja. Uzi mmoja tu ukishike, basi. Mwingine akikitaka, atengeneze nakala yake. Mwenyewe akimaliza kukitumia, kinarudi kapuni papo hapo, na taka haipati nafasi ya kuzaliwa.

"Ni safi," Stanslaus alisema, na kweli alimaanisha. "Ila nakala zitatumaliza. Mimi naona vipande tuvitumie pamoja. Kila uzi unaoshika kipande ukivishe pete ya waya. Uzi ukifunguliwa, pete yake inavuliwa. Kipande kikibaki bila pete, maana yake hakuna anayekihitaji, kinakwenda kapuni."

Walimu walikuja kutazama. Mwalimu wa siasa, Simioni, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alizipa mashine hizo majina siku hiyo hiyo: ya Stanslaus akaiita ya kijamaa, na ya Nashoni ya kibepari.

"Kila kipande na tajiri wake!" alisema. "Ndugu Nashoni, balozi wako wa nyumba kumi ana habari?"

Chumba kizima kilicheka. Nashoni angeweza kuvumilia kicheko cha chumba kizima. Alichoshindwa kuvumilia ni kwamba Agustina naye alicheka.

Agustina alikuwa mkewe, mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi ya jirani. Akimaliza vipindi vyake alipitia stoo ya fizikia na chupa ya chai, akakaa kwenye benchi na kuuliza maswali makali. Zamani maswali hayo aliulizwa Nashoni, wakiwa mezani nyumbani. Sasa yalikwenda kwa Stanslaus.

"Ya pete ndiyo ya watu," alisema mbele ya wote. "Kitu kimoja kikifaa wengi, kuna ubaya gani?"

"Inategemea ni kitu gani," Nashoni akajibu.

Pete zilihitaji waya mwembamba. Duka la ushirika siku zile lilikuwa na rafu, kaunta, na muuzaji aliyesinzia, waya usingeuota. Agustina akaupata. Nashoni alipoingia stoo siku iliyofuata aliwakuta wamekaa benchi moja, mkewe akizungusha waya wa shaba kwenye penseli, Stanslaus akikata kwa koleo, pete baada ya pete, huku akisimulia theluji ya Budapest. Waya ule Nashoni aliutambua. Ulitoka ndani ya redio yake iliyokufa, ambayo alikuwa akiahidi kuitengeneza tangu vita vya Kagera.

"Hiyo ni redio yangu," alisema.

"Ilikuwa redio," Agustina alijibu bila kuinua macho. "Sasa ni pete."

Tangu hapo hakuwa na raha. Mke akichelewa kidogo, yeye alikuwa mlangoni.

"Mliongea nini leo?"

"Vipande."

"Na nini kingine?"

"Nyuzi, Baba Waisiko. Na nyuzi."

Stanslaus alikuwa na mchumba huko Mugumu, Esta, muuguzi. Alitembea na picha yake mfukoni na kumwonyesha kila aliyesimama karibu. Mtu mwingine angetulizwa na picha hiyo. Nashoni aliona kwamba mwanamume mwenye akili ndivyo hasa angefanya, atembee na picha ili wenye wake walale.

Kisha habari zikaja kwamba mkaguzi wa elimu anatoka Musoma kutazama kazi za kujitegemea, na kwamba mashine moja itapelekwa Dar es Salaam kwenye maonyesho ya Sabasaba. Ya Stanslaus ingeendeshwa na Agustina, kwa sababu hakuna aliyefunga na kufungua nyuzi upesi kama yeye. Nashoni aliwaambia watu kwamba anaitamani safari ya Dar. Uongo. Alichotaka ni kitu kimoja tu: mashine ya Stanslaus ishindwe waziwazi, ikiwa mikononi mwa Agustina, ili Agustina ageuze shingo na kumtazama tena mumewe kwa macho yale aliyokuja nayo mwaka wa harusi.

Akaanza kuitafutia kasoro. Aliitafuta ubaoni, kitandani, shambani; hakuiona. Aliipata kanisani.

Jumapili hiyo dada yake, Boke, alikuwa amekuja kutoka Matongo pamoja na mumewe, Joram Heche. Joram ni kaka yake Agustina. Ndoa hizo mbili zilifungwa kwa patano moja. Mzee Heche alitoa ng'ombe kwa ajili ya Boke. Mzee Nyangwine akawapokea, na kabla hawajazoea malisho mapya akawarudisha kule kule kwa ajili ya Agustina. Watu wa Matongo walitania kwamba ng'ombe wale walikwenda kutembea tu. Kila bibi harusi akawa ndiye mahari ya mwenzake, na wazee walipatana wazi kwamba mmoja akirudi kwao, mwenzake naye atarudishwa.

Sasa mawifi hao walikuwa wamekaa mbele yake wakiimba kutoka kitabu kimoja cha nyimbo. Nashoni aliwatazama, na katikati ya wimbo akaiona kasoro. Kipande kimeshika kipande ambacho nacho kimekishika. Kila kimoja kimevaa pete ya mwenzake. Kata nyuzi zote za nje, na hakuna kitakachokwenda kapuni, leo wala kesho! Alicheka kwa sauti, wimbo umekwisha na mchungaji ameinamisha kichwa kuomba.

Boke akageuka. "Kaka, una nini?"

"Nimebarikiwa," Nashoni alimwambia.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mpole, ndani ya Kaunda suti iliyokuwa ikimbana. Alitazama mashine ya Nashoni ikifanya hesabu zake polepole kwa nakala nyingi, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akatazama ya Stanslaus. Agustina alifuata maagizo bila kusita, pete zikivishwa na kuvuliwa, vipande vikiingia kapuni kimoja kimoja, na watu waliobanana mlangoni wakapiga makofi. Stanslaus alimtazama kama fundi anavyotazama kazi nzuri. Nashoni aliuona mtazamo huo, na aliusoma anavyojua yeye.

"Kuna mwenye swali la kuijaribu?" mkaguzi akauliza.

Nashoni akasimama. "Tufuate ng'ombe wa mahari, ndugu mkaguzi. Kila kipande kiwe mwanamke mmoja. Uzi wa kulia uende kwa mwanamke aliyeletwa na ng'ombe wake."

Watu walilipenda swali hilo mara moja. Mtu wa Tarime akisikia ng'ombe, hata kama alikuwa anasinzia, ataamka.

"Nianze na nani?" Agustina aliuliza, chaki mkononi.

"Boke Nyangwine."

Mikono ya Agustina ilisimama. Alimtazama mumewe. Katika stoo ile ni wao wawili tu waliojua uzi ule utakwenda wapi na utarudi wapi. Nashoni alikuwa na majina mengine mengi ya kutaja, ya shangazi, ya majirani, hata ya wafu, na alikuwa na muda wa kutosha wa kubadili.

"Andika," alisema.

Injini haiongezi mawazo yake. Agustina aliandika kadi, akatundika kipande, akakifunga uzi wa nje, ule wa swali, akakivisha pete.

"Ng'ombe wa Boke walimleta nani?"

"Walimleta Agustina Heche."

Akaandika jina lake mwenyewe kwa mwandiko wake mwenyewe. Akafunga uzi na kuvisha pete.

"Na ng'ombe wa Agustina?"

"Walimleta Boke."

Uzi ukarudi ulikotoka, na kipande cha Boke kikapata pete ya pili. Watu wakaangua kicheko. "Kumbe hao ng'ombe walipewa likizo!" Simioni akapaza sauti. Agustina hakucheka.

"Swali limekwisha," Nashoni alisema. "Ondoa uzi wa nje."

Akaufungua, akavua pete yake. Kwa maagizo ya ubaoni, sasa vipande vingekwenda kapuni. Havikwenda. Kila kimoja kilikuwa bado na pete moja, ya mwenzake, na maagizo hayakumruhusu kuvigusa. Viliendelea kuning'inia pale, vimeshikana.

Nashoni akaenda mbele. Maneno alikuwa ameyafanyia mazoezi wiki nzima.

"Tazama, ndugu mkaguzi! Hakuna uzi wowote unaovishika hivi viwili. Hakuna anayevihitaji. Hakuna atakayevitumia tena. Lakini vimeng'ang'aniana, basi vitakaa hapo vikijaza nafasi bure. Hizi ni taka, na mashine hii haina namna ya kuzitupa."

Kidole chake kilikuwa kimenyooka, na chini ya kidole zilikuwepo kadi mbili. Kila mtu mle ndani alikuwa amekwisha kuzisoma. Yeye alikuwa wa mwisho. Alikuwa ameona vipande, kwa wiki nzima alikuwa ameona vipande tu. Wengine wote walikuwa wakiona wanawake wawili, dada wa mtu na mke wa mtu, na mtu huyo ndiye anayewaita taka mbele ya mgeni. Pale Tarime mume na mke watagombana mpaka majirani wahame, lakini hilo halikuwa limewahi kusikika. Kicheko kilikatika. Mwanamke mmoja mlangoni aliguna, "Mmh!" Mkaguzi akaitazama saa yake.

Aliyeokoa, au aliyemaliza kabisa, ni Stanslaus. Huyo naye alikuwa ameona vipande tu.

"Mzunguko!" alipiga kelele, akaruka kutoka kwenye benchi. "Jamani, mzunguko! Mimi sikuuona kabisa!" Akaushika mkono wa Nashoni kwa mikono yake yote miwili, uso umemchanua. "Hili ni kubwa, kaka yangu. Ya kwako haina ugonjwa huu. Ndugu mkaguzi, chukua ya Mwalimu Nashoni. Mimi mwenyewe nitambebea vipande mpaka stendi."

Nashoni angetoa fahali mzima ili Stanslaus akasirike kidogo tu.

Mkaguzi akamgeukia Agustina kwa upole. "Wewe ndiye uliyeiendesha, mwalimu. Unasemaje?"

Agustina alipangusa chaki vidoleni. "Mwalimu Nashoni amesema kweli," alisema. "Mashine yake haitapata shida hii. Katika ya kwake mtu hawezi kumshika mwenzake wakashikana. Ichukueni."

Basi Nashoni akashinda. Walimu walimpa mkono mmoja mmoja, wakiwahi kutoka.

Alimkuta Agustina shambani nyuma ya nyumba, akipalilia mihogo akiwa na gauni lake la wageni. Alisimama kwenye tuta kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mama Waisiko. Nilisema vipande."

"Nilisikia."

"Sikusema wewe."

"Jina niliandika mimi, Baba Waisiko. Najua kusoma."

Mtu mwenye busara angeomba radhi hapo na kunyamaza. Nashoni aliomba radhi, ni kweli, lakini ulimi ukaendelea mbele peke yake. "Na wewe na Stanslaus, je?"

Agustina akasimamisha jembe. Alimtazama kwa muda, bila hasira, na hilo lilimtisha kuliko hasira.

"Hakuna," alisema. "Ungeuliza siku ya kwanza ungepata jibu hilo hilo. Nilipenda mashine, kama wewe ulivyoipenda. Sasa nisikilize. Nimetoka kule nimefika nyumbani nikafunga nguo zangu, niende kwa baba. Nimefika mlangoni nikamkumbuka Boke. Nikirudi mimi, atarudishwa na yeye. Boke anampenda Joram. Mtoto wake bado ananyonya. Nimezifungua nguo."

Nashoni alishusha pumzi. "Kwa hiyo unabaki."

"Nabaki. Nitapika, nitafua, Waisiko atakuwa na mama. Ila usijidanganye kwamba ni wewe unayenishika. Uzi wako umeufungua mwenyewe leo, mbele ya watu. Anayenishika ni Boke."

Akaendelea kupalilia.

Na ndivyo ilivyokuwa. Hakumnunia. Chai ilikuja mezani, maji ya kuoga yalipashwa moto, na akiulizwa swali alijibu vizuri. Hata alitabasamu siku nyingine, na Nashoni alibaki akilichunguza tabasamu lile kama noti aliyotilia shaka, kama ni lake au ni la kuipa nyumba amani kwa ajili ya mtu wa Matongo. Hakuwa na njia ya kujua, na kuuliza hakuthubutu tena.

Juma moja kabla ya safari ya Dar, Boke alikuja kumpongeza kaka yake. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni na kuku kwapani, na kama maneno ya stoo yalimfikia, alikuwa ameamua kuyasahau. Agustina alimwona tangu njiani. Akaacha sufuria jikoni, akatoka mbio, akampokea kwa kicheko kikubwa cha kutoka tumboni, kicheko kile kile ambacho mumewe alikuwa amekingojea siku zote hizo.

Nashoni alikuwa dirishani. Wivu ukampanda mpaka macho yakamwasha, na alipotafuta ni wa nani, hapakuwa na mwanamume yeyote pale uani. Alikuwa akimchukia dada yake, mtoto wa mama yake, aliyekuja kumpongeza. Na hakuweza hata kumfukuza. Siku Boke atakapoachia, na Agustina ataondoka.

"Kaka!" Boke aliita kutoka uani. "Mbona hutoki kutupokea?"